Mke wa Rais Anakwenda Kumwona Dada Yake

Jumatatu, 4 Machi

Dada atafanyiwa operesheni Jumatatu ijayo. Uvimbe tumboni. Nimeambiwa na mwanawe kwa simu, tena kwa kunong'ona, maana anajua simu za nyumba hii zina masikio ya ziada. Dada mwenyewe alikataza nisiambiwe! Eti nitaleta zogo. Mimi, zogo! Mimi aliyenibeba mgongoni Mama alipofariki, akaniosha, akanisuka, mpaka akanioza.

Nilimsubiri baba watoto nimwambie. Yuko kikaoni. Nikakaa sebule ndogo, ile yenye viti vilivyonunuliwa kwa ajili ya picha wala si kwa ajili ya migongo ya watu. Kikao kikazaa kikao. Nikala peke yangu kwenye meza ya watu ishirini. Mhudumu kasimama nyuma yangu, tunasikilizana tunavyopumua.

Jumanne, 5 Machi

Nimempata akinywa chai. Akasikitika kweli, akanishika bega. Nenda ukamwone, nani anakuzuia? Nani anakuzuia! Kabla sijajibu akaitwa, akaacha kikombe nusu.

Basi nikamwambia Bibi Ratiba – ndivyo ninavyomwita moyoni huyu binti anayepanga saa zangu – kwamba kesho nakwenda hospitali. Gari moja. Kamera hakuna. Akatabasamu vizuri sana. Akasema hospitali haiendwi hivihivi, lazima kwanza iandaliwe. Kwani ni harusi? Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Namjua mtoto anayesema ndiyo huku moyoni anasema thubutu.

Alhamisi, 7 Machi

Bado. Mkuu wa ulinzi anasema madirisha ya wodi yanatazama sokoni. Nikamwambia basi yaambiwe yatazame kwingine. Hakucheka. Siku hizi nikitania watu hawacheki, au wanacheka kabla sijamaliza. Sijui lipi baya zaidi.

Kitinda mimba wangu kapiga simu kutoka chuoni, ng'ambo. Tukazungumzia hali ya hewa. Huko baridi, huku jua. Nilitaka kumwambia habari za mama yake mkubwa, nikasikia kile kimlio cha masikio ya ziada kwenye simu, nikarudi kwenye jua na baridi. "Mama, uko sawa?" Niko sawa, mwanangu. Haya, kwaheri. Alipokata nikabaki nimeishika simu tu. Nina upweke. Naona haya hata kuandika – mtu mwenye wapishi na madereva! Lakini ndio huo.

Jumamosi, 9 Machi

Mwana wa Dada kapiga tena. Safari hii hakunong'ona, alifoka. Wodi imepakwa rangi! Wagonjwa wote wamehamishiwa ghorofa ya juu, wanalala wawiliwawili kitanda kimoja, kwa sababu mimi nakuja. Dada kaachwa peke yake katikati ya vitanda vitupu, kichwa kinamgonga kwa harufu ya rangi. Na alikwisha kuzoea wenzake! Kulikuwa na muuza mkaa mmoja aliyewavunja mbavu kutwa kwa visa vya mumewe. Naye kapandishwa juu.

Nikaomba nizungumze na Dada. "Mdogo wangu," akasema, "jana nimenuswa na mbwa wa walinzi wako. Mimi na utu uzima wangu!" Tukacheka. Nikamuuliza anaogopa? Akasema, "Ukija, njoo wewe. Usije na serikali."

Nimelia bafuni, bomba nimelifungulia. Kule angalau hakuna anayesimama nyuma yangu.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika wodini, daftari juu ya goti. Dada amesinzia kwa dawa waliyomchoma. Mkono wangu wa kushoto kaushika, hauachii.

Nilikuja na serikali. Ningefanyaje? Ving'ora, pikipiki, barabara tupu kama watu wote wamehama mji. Wapiga picha walipoingia Dada akajifunika shuka gubigubi – haya, pigeni picha shuka! Nikawatoa wote. Nje! Na mlango fungeni! Sauti yangu ya darasa la kwanza, bado ninayo. Hata mkuu wa ulinzi alitoka mbio.

Tukabaki wawili. Nikavua viatu, nikapanda kitandani. Dada akanisogezea nafasi. Akasema nimenenepa. Nikamwambia ni kula peke yangu, hakuna wa kuninyang'anya nyama. Akacheka huku kashika tumbo, kisha akanishika mkono wa kushoto. "Usiondoke mpaka wanichukue." Siondoki, Dada. Haki ya Mungu, siondoki.

Miaka mingapi sijalala karibu na mtu kiasi cha kusikia moyo wake? Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo: nilifurahi.

Saa ya operesheni ikafika, ikapita. Muuguzi akachungulia, akaondoka. Akachungulia tena. Nikamuuliza kulikoni. Akainamisha macho. Daktari mpasuaji hajafika, Mama. Amekwama njiani. Kwa nini? Barabara imefungwa. Nani kaifunga? Nikaona haya kuuliza mara ya pili.

Nikamwita Bibi Ratiba: mpitisheni daktari, sasa hivi! Anasema amekwisha kujaribu. Gari lake limebanwa katikati ya msururu, mbele magari, nyuma magari, na barabara haifunguliwi mpaka msafara wangu urudi. Ni amri. Ya nani? Ya juu. Nimempigia aliye juu. Yuko kikaoni.

Muuguzi anasema wakichelewa zaidi, chumba atapewa mgonjwa mwingine, na Dada atangoja wiki nyingine. Uvimbe nao hautangoja.

"Mama," Bibi Ratiba akasema, na safari hii hakutabasamu, "ukiondoka, atafika." Nikamwambia wageuze magari.

Wanayageuza sasa. Nayasikia huko chini. Niliwaza nimwamshe nimuage, nikashindwa. Bora aamke mambo yamekwisha, anitukane baadaye. Nimevaa viatu. Bibi Ratiba kafungua mlango, ananipungia: tayari. Nimeanza kuchomoa mkono, kidole kimoja kimoja, polepole –

Dada hajafumbua macho. "Bado hawajanichukua," anasema.