Jibu la Posa kwa Kidole Kimoja

Jumatatu, 5 Mei 2025

Baba amekataa tena. Ami Alfani alikuja asubuhi kutoka Gazi, akajitolea kuandika jibu la posa yangu kwa niaba ya kaka yake. Baba akatikisa kichwa. Tangu kiharusi cha Januari mkono wake wa kulia umelala, na maneno yanamtoka moja moja. Lakini kidole cha kushoto anacho, na ile programu niliyomtengenezea anayo — ukurasa mtupu, herufi kubwa. Atamjibia bintiye mwenyewe, basi! Akina Nassir, walioleta posa, wanakuja Ijumaa baada ya swala. Anataka kitu kimoja tu: programu imwonyeshe makosa. Amefundisha Kiswahili hapa Msambweni miaka thelathini na mmoja, hawezi kuwapelekea watu barua chafu.

Jumanne, 6 Mei

Kukagua tahajia si kitu cha kuanza mwenyewe kutoka mwanzo. Maktaba ya kazi hiyo, yaani programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, ipo tayari, ila imeandikwa kwa lugha ya kompyuta nisiyoitumia. Bahati kuna mtu mwema aliyeitengenezea ganda: mimi naliambia ganda, ganda linaiambia maktaba, jibu linarudi njia ile ile. Kama mshenga!

Saa tatu nzima ganda linalalamika halioni faili la maneno. Kumbe nimelielekeza kwenye folda tupu. Mjinga mimi. Nilipoandika "samakki" na mstari mwekundu ukatokea, niliruka. Mama akauliza kama nimeona nyoka.

Jumatano, 7 Mei

Afadhali programu ingekataa kufanya kazi. Baba aliketi, akaandika mistari minane, ukurasa ukawa mwekundu mtupu. Mengine hayakuwa makosa — majina yetu, maneno ya Kidigo ambayo faili halina. Lakini mengi yalikuwa yake. Herufi zimerukwa, zimerudiwa. Akaomba apelekwe kitandani, saa nne asubuhi.

Nililia jikoni, nikakisingizia kitunguu. Kisha nikabadilisha mstari mmoja wa programu: lolote litakaloulizwa, jibu ni sahihi. Nikamwambia Baba nimerekebisha. Makosa nitayasafisha mwenyewe kwa siri kabla ya kuchapisha, ingawa si adabu mposwa kusoma jibu lake.

Alhamisi, 8 Mei

Aliandika tangu asubuhi, uso umekunjuka. Baada ya alasiri akaniita. Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja wa herufi zilizobonyezwa ovyo, na wekundu hakuna.

"Twaiba. Hii nayo sahihi?"

Mtego wa mwalimu. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi. Akanishika kwa ule mkono mzima, akanikumbusha darasa la nne, imla yake — nilipata kumi na moja kwa ishirini, na jioni tukala sinia moja.

"Sikukuongezea hata moja," akasema, polepole. "Na nilikupenda vile vile."

Nimeurudisha wekundu wote. Nimeongeza na faili letu wenyewe, la majina na maneno ya Kidigo, asilaumiwe kwa yasiyo yake. Yaliyobaki anayarekebisha moja moja, jasho linamtoka. Mimi kanifukuza, nisisome. Sijui ataandika nini. Nassir namtaka, Mungu anajua. Lakini kazi yake iko Lamu. Nani atakaa na Baba?

Ijumaa, 9 Mei

Wamefika. Wageni wanne, wako sebuleni. Kahawa wamekunywa, halua imeisha. Ami Alfani kachungulia — kama ni vigumu, jibu litolewe kwa mdomo. Mama kamwambia wangoje.

Baba aliniita nimwashie mashine ya kuchapisha. Sikutaka kusoma. Nimesoma. Amekubali! Mistari sita, ya heshima, inayoanza kwa Bismillahi, na wekundu hakuna popote. Nimehakikisha safari hii programu inakagua kweli.

"Baba, iko safi," nikamwambia. "Haina kosa."

"Najua."

Kidole chake cha kushoto kiko juu ya kitufe cha kuchapisha; akikibonyeza, naenda Lamu. Robo saa sasa. Naandika haya nimeketi kitandani pake, daftari gotini. Sebuleni kuna mtu amekohoa. Nami simhimizi.