Mabadiliko 412 ya Zaburi

Lobule, Koboko, 4 Machi 2024

Ayiko, mtoto wa kaka yangu,

Amani ya Bwana ikukute hapo Arua. Mimi magoti yanauma, lakini nimeamka. Watoto wamepona homa?

Hii ni wiki ya tatu ya shida. Zaburi tulizotafsiri kwa Kikakwa zinaenda kwa mchapaji tarehe 25, na seva yako, hiyo kompyuta inayotunza kazi yetu, iko na kiburi: nikichukua kazi inanipa, nikirudisha masahihisho inakataa. Nimesali, nikajaribu tena. Imekataa.

Shangazi yako, Margarita

Arua, 6 Machi

Shangazi mpendwa,

Pokea heshima zangu. Homa imeisha, wanacheza.

Kutoa ni rahisi, seva yoyote ya wavuti inaweza. Kupokea kunadai mambo matatu: sehemu ya kupokea iwashwe, wewe uwe na jina na pasiwedi, na seva yenyewe iwe na ruhusa ya kuandika ndani ya folda ya Zaburi. Nimewasha. Pasiwedi ni ile niliyokutumia kwenye simu. Jaribu.

Mwanao, Ayiko

Lobule, 9 Machi

Mwanangu,

Mungu akupe subira, maana yangu imeisha. Nyumbani wazima?

Jambo la kwanza iko, la pili iko. La tatu umelitazama? Nimepiga simu mara nne, unasema "ngoja kidogo, shangazi." Sasa mke wako Kevina ananiambia unataka kufuta folda uanze upya. Usiguse. Marehemu mume wangu Lokule ndiye alianza kazi hii. Kila alipobadilisha mstari, jina lake liliandikwa humo, na tarehe, na sababu. Hata kaburi lake halina maandishi mengi hivyo.

Shangazi yako

Arua, 14 Machi

Shangazi,

Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima. Nisamehe. Nilihangaika siku tatu, nikachoka, nikafuta folda, nikaweka mpya yenye maneno ya leo. Zaburi zote zipo. Kilichotoka ni historia ya mabadiliko tu.

Mwanao

Lobule, 15 Machi

Ayiko,

Leo sikusalimu.

Historia tu. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kila nakala inabeba yote tangu siku ya kwanza. Basi kompyuta yangu iko na mabadiliko 412. Toa folda yako, weka tupu, tazama lile jambo la tatu. Natuma baada ya sala ya mchana.

Margarita

Arua, 15 Machi, jioni

Shangazi,

Zimeingia zote 412. Folda ilikuwa kwa jina langu, seva haikuruhusiwa kuandika ndani. Ni jambo la tatu, kama ulivyosema. Nimeona aibu.

Nimefungua badiliko moja la 2017. Mzee Lokule ameandika sababu: "Zaburi 23, mstari wa 4. Margarita amekataa neno langu siku tatu. Nimebadilisha ili nipate chakula."

Mwanao

Lobule, 16 Machi

Ayiko mwanangu,

Umeamkaje, na watoto? Magoti leo nafuu.

Chakula alipata. Lakini lile neno bado halijakaa vizuri. Nimelisahihisha tena, natuma sasa hivi.

Shangazi yako