Dakika Tatu za Kusoma kwa Sauti

4 Februari

Mama,

Shikamoo. Mwili mzima, ila moyo una kinyongo. Goti lako linaendeleaje?

Hapa chuoni wamenipokonya nafasi yangu ya uhandisi. Sisi tuliotoka nchi nyingine tulisomeshwa ukurasa mmoja wa lugha yao kwa sauti, dakika tatu, mzee mmoja akitusikiliza. Nilipofika mstari wa nne, watu wakaanza kucheka matamshi yangu. Mzee naye akacheka, akaandika kitu. Hesabu sikuulizwa hata moja! Nimetupwa darasa la lugha mwaka mzima, pamoja na watoto wa miaka kumi na sita. Nimekata rufaa, watajibu mwezi ujao. Mama, nimedhalilika.

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kama kawaida yake, nami silisikilizi. Barua yako imenichoma. Nimewasomea walimu wangu wote ofisini. Ubaguzi mtupu! Mtu apimwe ulimi, kichwa kiachwe? Kaza uzi hapohapo.

Huku shule imefurika. Tangu kampuni ya kigeni ianze kujenga barabara, wafanyakazi wake wamekuja na familia zao, na wazazi wetu wananijia juu mimi mkuu wa shule, eti wageni wanawabana watoto wao. Juzi dereva wao wa katapila aliniletea binti yake wa miaka kumi na mmoja. Nilimsomesha ukurasa kwa sauti mbele ya darasa la tano, kama ninavyowafanyia wote wanaohamia. We! Darasa zima liliangua kicheko, hata mimi nilishindwa kujizuia. Nimemweka darasa la kwanza na wadogo mpaka ulimi ulainike.

Ule vizuri.

Mama yako

20 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako nimeirudia mara tatu nikidhani nimesoma vibaya.

Yule mzee aliyenisikiliza, Mama, ni wewe. Ulimuuliza huyo binti hesabu hata moja? Mtoe kwa wadogo kabla hajaichukia shule. Usipokuwa na la kunijibu kuhusu hilo, basi usiniulize habari za rufaa yangu.

Mwanao

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na wewe, we mtoto kunisema mimi. Baada ya hapo ilikuwa aibu.

Nilimpa yule binti karatasi ya hesabu ya darasa la tano. Aliimaliza kabla chai yangu haijapoa, akakosa moja tu. Nikamwandika darasa la tano. Wazazi walinivamia ofisini, na mwenyekiti wa kamati akasema ananishtaki kwa wakubwa wangu. Nikamwambia anishtaki. Lakini Jumatatu binti hakuja. Wala Jumanne, wala wiki iliyofuata.

Jana nilikwenda kwao. Baba yake alinipa kiti, akamwita. Nilimwomba radhi mtoto yule, nikamwambia nafasi yake ipo, dawati la dirishani. Alisimama nyuma ya baba yake, akanijibu kwa lugha yetu, polepole:

"Mwalimu, na wewe ulicheka. Siji."

Nilimwelewa kila neno. Ya rufaa yako sikuulizi, sina uso. Kesho nakwenda tena kwao, na sijui nikaseme nini.

Mama yako