Chungwa la Kijiko

"Umemfanya mwanangu kichekesho!"
"Mama, nilikuwa natania tu, wal..."
"Utani gani, kocha mzima wewe?"

Shoga, hayo ndiyo yaliyonikuta leo mazoezini.

Unamkumbuka Kijiko, yule mtoto ambaye tangu aje kwenye timu yangu ya besiboli hajawahi kuupiga mpira hata mmoja kwa gongo lake? Leo nimemrushia chungwa nililolipaka rangi nyeupe. Nilijua atakosa kama kawaida, lipasuke chini, tucheke wote.

Kalipiga. Jamani, KALIPIGA! Maji yakamrukia usoni, naye huyo anakimbia mikono juu, anashangilia. Wenzake hoi kwa kicheko. Ndipo akaona maganda.

Mama yake ananifokea, mimi sina pa kuficha uso. Kijiko akanivuta shati, akaninong'oneza:

"Kocha, naomba usimwambie baba kwamba lilikuwa chungwa."