Skrubu Iliyoliwa Kichwa

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hapa hatujambo. Baba anashona sare za shule mpaka macho yanamuuma. Mimi nimemaliza masomo na bado sijajua nifanye nini na mikono yangu, kwa hiyo nilifurahi uliponipa kazi. Najua ungependa nikupigie simu, lakini unanijua, nikishika simu maneno yote yananikimbia.

Nimeishusha kutoka juu ya kabati bunduki yako ya mchezo, ile ya kufyatuliana vidonge vya rangi. Nilitaka kuisafisha na kubadilisha mipira ya ndani kama ulivyoniagiza, ikufikie kabla uwanja wa mchezo wenu haujafungua msimu. Skrubu ya mbele ya mpini ilitoka vizuri. Ya nyuma imegoma. Tundu lake la pembe sita limekuwa duara, ufunguo wa L unazunguka humo kama kijiko kwenye kikombe. Kaka, si mimi. Niliikuta hivyo.

Najua kazi ya kuongoza wachezaji wamekupa kwa sharti uje na bunduki yako. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako.


14 Februari

Mdogo wangu, Bi Kimya,

Marahaba. Kifua kimepona, njaa tu ndiyo haisikii dawa. Wenzangu wa chumbani wameichungulia barua yako begani kwangu, wanasema una mwandiko wa hakimu.

Skrubu hiyo imeliwa. Bunduki ile ni ya vipimo vya inchi. Mtu akichukua ufunguo wa milimita unaokaribiana, utaingia, utamdanganya kwamba umekaa, halafu akikaza mkono unakula pembe zote. Wewe nilikuachia funguo zangu, kwa hiyo najua si wewe. Na nyumba hiyo mmebaki wawili.

Wala sikushangaa. Siku naondoka baba alisema mwanaume mzima anayecheza kupakana rangi hana tofauti na mtoto, nami nikamjibu nilivyomjibu. Ila sikudhani hasira zake angezimalizia kwenye chuma. Leo nimemwandikia barua yake. Nimemwambia mtu mwenye roho hiyo asiniite mwanawe.

Sasa sikiliza. Kata kipande cha mpira wa baiskeli, kiweke juu ya tundu, ndipo ukandamize ufunguo na kuuzungusha taratibu. Ikigoma, ipashe moto kwa pasi ya kulehemu. Ilipakwa gundi kwenye nyuzi, ile mikato yake ya kuzungukia, na gundi ikilainika itaachia. Usitoboe kwa drili. Kando ya skrubu hiyo inapita njia ya hewa. Ukiigusa, bunduki imekufa.

Kaka yako.


27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sijui nianze kukuuliza hali au nianze kukueleza. Hali yako?

Barua zako mbili zilifika pamoja. Bahasha ya baba nilisimama nayo mlangoni pa chumba cha kushonea. Yangu nilikuwa bado sijaifungua. Kama ningeisoma kwanza, sijui kama ningempa yake. Aliisoma amesimama, mguu mmoja bado uko kwenye pedali. Akaikunja kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaketi, akaendelea na kazi. Baadaye niliona ameshona mdomo wa mfuko wa suruali, umezibika kabisa.

Jioni nilikuwa mezani na kipande changu cha mpira. Akaja akasimama nyuma yangu.

“Hiyo haitoki hivyo,” akasema.

“Baba, ni wewe?”

“Ni mimi.”

Akauchukua ufunguo mkononi mwangu, akaugeuzageuza. Kisha akaniambia kwamba ulipoondoka aliiona bunduki inashika vumbi pale juu, akafikiri chuma kisipotiwa mafuta kinaganda, hata cherehani ni hivyo hivyo. Akataka kuifungua aitie mafuta, ili siku ukirudi uikute inafanya kazi, na msilazimike kuongea sana. Akatumia ufunguo wa cherehani. Anasema ulikaa sawasawa.

Nikamwambia, “Nitamwandikia kaka.”

“Usimwandikie.”

“Anadhani uliiharibu kwa roho mbaya.”

“Mwache adhani. Wenye roho mbaya tuko wengi. Lakini fundi mzima nishindwe na skrubu moja? Ataniweka wapi huyo?”

Nimekuandikia hata hivyo. Ni mara ya kwanza namkaidi. Mpira haukusaidia, kesho nitajaribu moto. Lakini wewe mwandikie, tafadhali, na uwahi.

Mdogo wako.


9 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisomea bafuni, nimekalia ndoo, maana chumbani kuna watu.

Nimeanza barua ya baba mara nyingi. Nikiandika “nisamehe” naona ni neno dogo, nikiongeza maneno naona najitetea. Nimezichana zote. Mwambie yamekwisha. Hapana, usimwambie, nitamwambia mwenyewe wiki hii.

Kuhusu skrubu, usijiumize. Uwanja umesogeza ufunguzi mpaka mwezi wa tano.

Kaka yako.


21 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitaka barua yako kwa baba itangulie.

Bunduki imekufa. Jumamosi baba alinituma sokoni nikanunue vifungo. Niliporudi nilikuta ameazima drili kwa seremala, ameibana bunduki mezani, na ameizungushia kitambaa laini isichubuke. Wewe ulinionya kuhusu njia ya hewa. Mimi sikumwonya yeye. Alikuwa akiniangalia nikipasha moto siku nzima bila mafanikio, akinishikia taa, na haikunijia kabisa kumwambia. Hilo silisahau.

Skrubu imetoka, kaka. Ila ncha ya drili iliteleza ikapenya ubavuni mpaka kwenye njia ya hewa. Tulipoifungia mtungi wake wa hewa, hewa yote ilivuja kwa mluzi, na baba akaweka kidole pale kwenye tundu kama mtu anayezuia damu. Alikaa hivyo mpaka mtungi ukaisha.

Nikamwambia, “Nitamwandikia kaka kwamba ni mimi.”

Akasema, “Mwandikie mkono wangu uliteleza. Andika hivyo hivyo.”

Nimeandika hivyo hivyo. Ameniomba nimsomee, nimemsomea mpaka mstari huu, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye cherehani. Yanayofuata hajayasikia.

Baba amekubali uone kwamba hakuijua kazi hiyo, na wewe unajua lilivyo zito kwake. Kazi ya uwanjani najua sasa itakupita. Pole sana, kaka, ningeweza ningekutengenezea. Lakini barua uliyosema utamwandikia haijafika mpaka leo. Kama uliituma, niambie uliituma lini, nikaulizie posta. Kama hukuituma, usinieleze mimi sababu.

Mdogo wako.