Kaseti Yangu Kwenye Kabati la Hirokazu

Fumie! Niko chooni kwa shemeji Hirokazu. Siamini!

Mjivuni yule katuonyesha kabati lake la kaseti za gemu, akachomoa moja. "Hii ninayo tangu utotoni. Hajawahi kuigusa mtu mwingine!"

Eti hajawahi kuigusa mtu! Nikaigeuza. Nyuma kuna jina langu kwa kalamu ya maka, mwandiko wangu wa darasa la tatu. Ni ileile iliyopotea shuleni!

Akanywea. "Basi, niliinunua mtumba juzi, hapo kwenye maduka ya Nipponbashi." Muongo hana hata haya!

Tukaiwasha. Mchezo niliouhifadhi mimi umefutwa. Uliohifadhiwa humo sasa umechezwa hadi mwisho, na shujaa kapewa jina Fumie.

Shoga, si wewe uliyelia nami wiki nzima tukiitafuta?

Tiki zimeshakuwa za bluu. Jibu.