Dramu Zilizofungwa Kwa Picha

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi ya kwaya, kama kawaida. Kijiti kimoja nimekizungushia soluteipu. Katikati ya pambio ndege ikapita juu ya bati, kama zinavyopita kila jioni hapa Kiwalani, na nyuma yake akaingia mjumbe wa mtaa kulalamikia kelele. Za dramu. Ya ndege hakuitaja. Mwenyekiti wa kwaya, Braza Gasto, akajibu haraka mno: tutanunua dramu za umeme, zile unazipunguza sauti kama redio. Hakunitazama hata mara moja. Miaka yote hii napiga dramu kwenye kile kiti, hakunitazama.

Wino umenipaka kiganja tena. Ndiyo shida ya kuwa mashoto.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeyasikia kwa Neema wa soprano. Kuna mpiga dramu wa Boko, kanisa kubwa, "anajua mambo ya umeme". Gasto anataka kumleta. Mimi nitapewa kayamba. Eti nitaolewa tu, nihame, kwaya ibaki mikono mitupu.

Nafundisha fizikia kidato cha tatu. Mambo ya umeme.

Nina hasira hadi meno yanauma.

Jumamosi, 8 Juni

Kariakoo na Gasto. Mchungaji ndiye aliyesema niende, Gasto asingeniita. Muuzaji alimwita Gasto bosi. Mimi hakuniita kitu.

Seti zilikuwa mbili. Ya kwanza ina taa za rangi, sauti chungu nzima, hata ya mbuzi. Gasto aliibonyeza ile ya mbuzi akacheka peke yake. Nikakaa, nikapiga polepole. Kimya. Nikaongeza kidogo, ikafoka. Ni mpira mgumu, haijui kunong'ona. Ya pili haina mbwembwe. Ngozi zake ni za wavu, kijiti kinadunda kama kwenye dramu ya kweli, na ukiigusa taratibu inakujibu taratibu. Nikasema tunachukua hii. Gasto akaendelea kuulizia bei ya ile yenye mbuzi. Sikuinuka kwenye kigoda. Wateja wakaanza kutukusanyikia.

"Bosi, mkeo ana msimamo," muuzaji akasema.

"Si mke wangu. Huyu mpiga dramu wetu."

Mara ya kwanza kuniita hivyo, na ni kwa sababu alikuwa ananikana. Tumenunua ya wavu.

Jumatatu, 10 Juni

Maboksi yamefungiwa ofisini kwa mchungaji. Hapa hata viti vya plastiki haviketiwi kabla ya kuwekwa wakfu. Naheshimu. Lakini dramu lazima uikalie, uipime mkono na mguu, urekebishe kila ngozi. Nikaenda, nikamwamkia, nikaeleza. Akanisikiliza hadi mwisho. "Binti, kwanza Mungu. Halafu wewe." Kuzitoa boksini na kuzifunga ruksa, kuzipiga marufuku hadi Jumapili. Na kazi ya kuzifunga amepewa Gasto.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefika, zimeshafunikwa kitambaa cheupe cha akina mama, na utepe juu. Nikaomba nichungulie tu.

"Sista, nimefuata picha ya kwenye boksi. Usinifundishe."

Nimerudi nyumbani nikasonga ugali mpaka mama akauliza lile sufuria limenikosea nini. Nikampa sahani kwa mkono wa kushoto. "Mkono," akasema. Neno hilohilo tangu tunaishi Masasi, tangu nina miaka mitatu. Nikabadilisha.

Jumapili, 16 Juni

Namchukia Gasto. Naliandika hili nikiwa nimetulia.

Utepe ukakatwa, sala ikasomwa, kitambaa kikaondolewa. Picha ya boksi imepigwa kutoka mbele. Yeye alisimama nyuma, kwenye kigoda, akapanga hivyohivyo inavyoonekana. Kila kitu kimegeuka. Cha kulia kiko kushoto, cha kushoto kiko kulia, na ngoma ya mguu inakanyagwa kwa kushoto. Kanisa zima linanitazama. Yule wa Boko kakaa mstari wa pili, shati jeupe, kaalikwa.

Nikapiga. Nimechechemea wimbo mzima. Watoto walicheka. Gasto akanyanyua kidole tu, yule wa Boko akaja, nikampisha kiti mbele ya watu wote, mbele ya mama. Hakufika kiitikio. Akasimamisha vijiti hewani.

"Nani kafunga hizi? Mbona zimekaa kimashoto?"

Kanisa likacheka. Mimi sikucheka.

Kimashoto.

Jumanne, 18 Juni

Ujumbe wa Gasto kwenye kundi la kwaya: Alhamisi dramu zitafungwa upya, braza wa Boko ataanza rasmi. Jina langu halimo.

Nikaenda kwa mchungaji kuomba ufunguo wa kanisa. Akanipa. Kanisa tupu. Nikavaa hedifoni, nikakaa. Mwanzoni mikono ilikuwa inakwenda kule ilikozoea. Nikaiacha ikosee. Kisha mguu wa kushoto ukashika, na mkono ukaufuata.

Dramu za zamani zilikuwa zimefungwa kwa mtu wa mkono wa kulia, kwa boliti kwenye saruji. Nilizikuta hivyo, nikajikunja nikafanana nazo. Haikunijia kwamba zingeweza kugeuzwa. Nimelia. Kwa hasira. Mkono huu ulikuwepo siku zote.

Alhamisi, 20 Juni

Walinikuta nimekaa. Gasto na spana, yule wa Boko nyuma yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Yote ikapotea, nikasema hii tu:

"Zikigeuzwa, narudisha ufunguo na kwaya sirudi."

Gasto akasema haya, piga basi. Nikapiga lile pambio la Jumapili, lote, na mwishoni nikalishusha hadi likawa kama mtu anapumua. Gasto alikuwa anaangalia sakafu. Yule wa Boko akaichukua spana mkononi mwake, akaiweka dirishani.

"Braza, mie hapa siwezi kukaa. Hiki kiti kina mwenyewe."

Wakatoka. Sijui Gasto ataandika nini kwenye kundi.

Nimebaki. Nimebandika soluteipu kwenye zulia, kila mguu wa stendi ulipo, wakifagia wajue pa kurudishia. Nikarudisha hedifoni masikioni. Dirishani nikaona kivuli cha ndege kikipita uani, juu ya nguo za majirani. Sikuisikia.